Dhana ya "Kupatikana na Silaha" katika Rufaa za Jinai

Katika matumizi ya kawaida, kumiliki kitu ni kuwa mwenyewe. Sheria ya Kenya haikomei hapo. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63), hata bastola iliyo mikononi mwa mtu mwingine yaweza kuhesabiwa kuwa ya mshtakiwa, mradi alijua. Kwa hivyo, nguzo za kosa hili ni mbili: ujuzi na udhibiti.

Tuseme bunduki imepatikana chini ya kitanda katika chumba wanamolala watu watatu. Ukaribu pekee hautoshi. Upande wa mashtaka sharti uthibitishe, pasi na shaka ya maana, nani alijua na nani aliidhibiti.

Katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri (1972), ilisisitizwa kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza sharti ipime upya ushahidi wote, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Rufaa ya pili, chini ya kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, hushughulikia hoja za kisheria tu. Aghalabu, basi, swali la "alijua?" hupata fursa yake ya mwisho katika rufaa ya kwanza.