Picha, Ukumbusho na Udhibiti: Mfano wa Lubumbashi

Kila siku wasimamizi wa mitandao ya kijamii huamua ni picha ipi ya habari ionekane, ipi ifunikwe kwa onyo, na ipi iondolewe kabisa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini uamuzi huo unahusu pia taaluma ya Kiswahili. Mfano wetu unatoka Lubumbashi.

Katika miaka ya 1970 familia nyingi za wafanyakazi mjini humo zilinunua picha za wachoraji wa mitaani na kuzitundika sebuleni. Mojawapo iliyopendwa sana iliitwa "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kiboko, na afisa Mzungu anasimamia. Wenye nyumba hawakuitundika kwa kufurahia ukatili. Picha ya namna hiyo ilikuwa ukumbusho, yaani kitu kinachomfanya mtazamaji akumbuke na kusimulia. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliichambua dhana hiyo mwaka 1976.

Tshibumba Kanda Matulu alikwenda mbali zaidi. Mnamo 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, akamweleza Fabian maana yake kwa Kiswahili cha Shaba. Miongoni mwazo kuna zinazohusu kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Serikali ya Katanga ilitangaza kifo hicho tarehe 13 Februari, ikidai kuwa wanakijiji ndio waliowaua. Miili yao iliharibiwa kwa tindikali. Ushahidi ulipofichwa, mchoraji alijaza pengo.

Kanuni za mitandao huanza na swali jingine: picha inaonyesha nini? Damu, maiti, uchi? Mwaka 2016 Facebook iliondoa picha maarufu ya 1972 ya msichana wa Vietnam akikimbia uchi baada ya kuunguzwa na napalm. Gazeti la Aftenposten la Norway lilipinga hadharani, na picha ikarejeshwa kwa kutambua umuhimu wake wa kihistoria. Kilichoonekana ndani ya picha hakikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi maana yake ilivyosomwa.

Maana hiyo mara nyingi hubebwa na maneno yanayoandamana na picha. Picha ileile ya maiti yaweza kuwa maombolezo, ushahidi au kejeli ya muuaji. Hapa ndipo lahaja inapokuwa jambo zito. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, "kupika" hutumika kwa maana ya kupiga, na "batu" ni watu. Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu aweza kudhani habari ya kipigo ni habari ya jikoni; programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa maandishi sanifu yaweza kukosea vivyo hivyo.

Hatusemi kwamba kila picha ionyeshwe. Jamaa wa marehemu wana haki ya heshima, na picha hutumiwa pia kuchochea chuki. Lakini picha inayofutwa pasipo kuhifadhiwa yaweza kupotea pamoja na ushahidi wake. Basi kabla ya kufuta, anayeamua na aulize pia swali la wachoraji wa Lubumbashi: picha hii inamkumbusha nani, na inakumbusha nini? Ili alijibu, hana budi kuielewa lugha ya wanaoisimulia.