Kurudi mbioni baada ya miaka 40: Maumivu ya miguu huletwa zaidi na mteremko

MTU wa makamo anayeanza tena kukimbia katika uwanda wa Kahe, kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, hukuta barabara tambarare isiyomsumbua sana. Baada ya wiki chache pumzi humrejea, naye hujiona yuko tayari kwa Kilimanjaro Marathon, mashindano yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo kwa kawaida hufanyika mjini Moshi kati ya mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi. Siku ya pili baada ya mbio, hata kushuka ngazi humshinda.

Wengi hulaumu mlima walioupanda. Kwa kweli, chanzo kikubwa cha maumivu hayo ni kuteremka. Washiriki wa mbio za kilometa 21 hupanda kuelekea Mweka, kisha hugeuka na kurudi chini mjini. Wakati wa kupanda, misuli hujikunja ili kuusukuma mwili juu. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hukaza huku ikivutwa na kurefushwa.

Kazi hiyo haiuchoshi sana moyo wala mapafu, hivyo mkimbiaji huongeza kasi bila kujua. Hata hivyo, nyuzi za misuli hupata michubuko midogo sana. Mwili unapoikarabati, misuli huvimba kidogo na kuuma. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya mbio, huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua na kwisha ndani ya wiki moja hivi.

Imani kwamba maumivu hayo hutokana na asidi ya laktiki si sahihi, kwani asidi hiyo huondoka katika misuli muda mfupi baada ya mtu kupumzika. Kunyoosha viungo nako, ingawa kuna faida nyingine, hakuzuii sana maumivu ya aina hii.

Umri huongeza tatizo. Misuli huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya 30, hasa kwa asiyefanya mazoezi. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano, kama ile ya kisigino, huhitaji miezi. Aliyekuwa mwanariadha shuleni hukumbuka kasi ya ujana wake, ilhali miguu yake haiko tayari kuibeba.

Habari njema ni kwamba misuli iliyoonja mteremko mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata. Kwa hiyo, anayerejea mbioni aanze kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Akishazoea, mkazi wa Kahe anaweza kwenda Moshi mara moja kila wiki au mbili, apande barabara ya Mweka kwa miguu, kisha ateremke akikimbia polepole kwa dakika 10, kwa hatua fupi. Muda huo uongezwe kidogo kidogo, na zoezi kali la mwisho la mteremko lifanyike wiki mbili au tatu kabla ya mashindano.

Maumivu yakishaanza, kutembea taratibu husaidia kuliko kulala siku nzima. Kukandwa hutuliza. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe ovyo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji mwilini, kwani zinaweza kudhuru figo.

Watanzania wamekua wakisimuliwa habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na jeraha la goti. Ushujaa huo unastahili heshima, lakini si mwongozo wa mazoezi kwa mtu wa miaka 45. Maumivu yanayochoma mahali pamoja ghafla katikati ya mbio yanaweza kuwa ya msuli au kano iliyochanika, mkimbiaji asimame.

Dalili nyingine zisizopaswa kusubiri ni mguu mmoja kuvimba na kuwa wa moto, unaoweza kuwa na damu iliyoganda. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, unaoashiria misuli kuharibika vibaya. Na maumivu ya kifua. Mwenye dalili hizo awahi hospitali. Aidha, kigimbi kinachouma kila mtu anapotembea na kutulia anaposimama kinaweza kuonyesha kuziba kwa mishipa ya damu, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari. Huyo, pamoja na mwenye shinikizo la damu, amwone daktari kabla ya kufunga viatu vya mbio.