Ordinateri ijue kilo, ijue pia haki

Wandugu wachimbaji na mama zetu wa Punia, gunia ya kasiteriti kwa utaratibu wa iTSCi inapata etiketi mbili: moja kwenye shimo, ingine kwa negosian. Kilo zinaandikwa kwenye karne, kisha zinaingia ndani ya ordinateri.

Sasa ordinateri haina akili ya kukisia. Inafuata tu kanuni iliyopewa. Njo maana wataalamu wanaandika kanuni kwa hesabu mbele ya kuunda programu. Metro ya Paris, laini ya 14, inatembea bila dereva tangu 1998. Programu yake ya usalama ilihakikishwa hivyo.

Lakini lojiki moja haitoshi. Iko ya kilo: gunia isizidi uzito wa shimoni. Iko ya wakati, ile Amir Pnueli aliingiza kwenye kazi ya programu mwaka 1977: gunia isipande pikipiki mbele ya etiketi. Na iko ya haki na wajibu: nani anaruhusiwa kubadilisha kilo, nani analazimishwa kuonyesha karne.

Tuseme shimoni kilo 50, kwa negosian 47. Lojiki ya kilo inakubali: 47 haizidi 50. Ya wakati inakubali pia. Zile 3 ni maji yamekauka, ao ni mizani? Ya tatu peke yake njo inaweza kulazimisha mchimbaji awepo kwenye mizani na abaki na karatasi. Isipoandikwa, ordinateri itasema kila kitu sawa, na mama atakosa pesa ya sombe.

Sisi wa sendika tunaomba: programu mpya ikikuja, tusomewe kanuni zake kwa Kiswahili, moja kwa moja, mbele ianze kazi.