Alama ya D Haifungi Mlango: Njia za Kusomea Kilimo Chuoni

Matokeo ya KCSE yanapotoka, katika nyumba nyingi za Kaunti ya Kilifi huwa kuna kijana aliyekata tamaa na mzazi asiyejua amshauri nini. Anayetaja kilimo huulizwa, "Jembe nalo linasomewa?" Makala haya yanaeleza kinachosomwa, anayekubaliwa, na mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa karo.

Kozi inafundisha nini?

Kozi ya kilimo hugusa mimea ya chakula, mifugo, udongo, mashine na biashara ya shamba. Kilimo cha bustani hushughulikia matunda, mboga na maua. Kozi zote mbili zina masomo ya darasani na kazi ya shambani.

Chukua mfano wa mwembe. Mti uliooteshwa kwa kokwa huchelewa kuzaa, na matunda yake huenda yasifanane na ya mti uliotoka. Chuoni, mwanafunzi hujifunza kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha aina bora kama Ngowe au Apple na mche wenye mizizi imara. Mti huo ukitunzwa vyema, huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4.

Kisha kuna hesabu. Ekari moja ni takriban mita mraba 4,047. Ukipanda miembe kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, unahitaji miche 40 hivi. Aliyenunua miche 70 bila kupima ama atapoteza pesa ama ataibananisha miti yake.

Mwanafunzi pia husoma matumizi salama ya dawa. Kila kibandiko huonyesha siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mchicha ulionyunyiziwa jana na kuuzwa leo unaweza kumdhuru anayeula, hata ukioshwa.

Nani anaweza kujiunga?

Kwa jumla, viwango vya chini vya alama za KCSE ni hivi:

- Shahada: C+
- Diploma: C-
- Cheti: D

Aliyepata chini ya D anaweza kuanza na kozi za ufundi za ngazi ya chini. Baadhi ya kozi, hasa za shahada, huangalia pia alama za masomo kama Biolojia na Kemia. Vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo wengi bado huviita politekniki za vijiji, huwapokea hata wasiofika kidato cha nne. Uliza kilicho karibu nawe kama kinafundisha kilimo.

Ngazi hizi zimeunganishwa. Mwenye cheti anaweza kuendelea hadi diploma, na mwenye diploma hadi shahada. Safari huwa ndefu kidogo, lakini haijafungwa.

Wapi pa kusomea?

Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kimejengwa palipokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi na kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Nje ya Pwani kuna Chuo cha Kilimo cha Bukura, Kakamega, na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo. Nafasi za vyuo vya umma huombwa mtandaoni kupitia KUCCPS. Bodi ya mikopo, HELB, hupokea maombi ya wanafunzi wa vyuo vikuu na vya kiufundi.

Kabla ya kulipa karo

Mzazi aliyeuza mbuzi ili kulipia cheti kisichotambuliwa hawezi kurudishiwa mwaka uliopotea. Kwa hivyo:

1. Kwa chuo cha kiufundi, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa.
2. Uliza ni nani anayesimamia mtihani na kutoa cheti.
3. Omba kuona shamba la mafunzo. Chuo cha kilimo kisicho na shamba kitamfundishia nini mtoto wako?
4. Lipa kwa akaunti rasmi ya chuo, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, kisha utunze risiti.

Baada ya kuhitimu

Tuseme ukweli: nafasi za kuajiriwa serikalini ni chache kuliko wanaohitimu. Wengine hufanya kazi katika maduka ya pembejeo au mashamba makubwa, au hufungua vitalu vya miche. Anayetaka kuuza miche ya matunda aulize mapema kuhusu usajili na ukaguzi wa kitalu. Na familia yenye ekari 2 zilizolala inaweza kuanza kwa kulitumia shamba lake kwa ujuzi mpya.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti jukumu la kilimo pamoja na vyuo vya ufundi vya vijiji. Beba nakala ya matokeo yako, umwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya muda wa kutuma maombi kuisha.