‘Afadhali sisi Kenya’: Pima demokrasia ya majirani kwa maswali haya matatu

Ukishuka matatu sokoni Ekalakala wikendi hii, kaa na vijana kibandani dakika kumi tu. Stori ikifika kwa siasa za majirani, lazima mmoja aseme: “Afadhali sisi.”

Si uongo. Lakini afadhali kwa nini hasa? Kabla hujaanza kuwacheka Waganda na Watanzania mtandaoni, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: mkubwa huondoka muda wake ukiisha? Kwetu, rais ana mihula miwili ya miaka mitano, basi. Moi alienda nyumbani 2002, Kibaki akafuata 2013. Uganda, Yoweri Museveni yuko kwenye kiti tangu Januari 1986. Kikomo cha mihula kiliondolewa 2005, na 2017 kikaondolewa kile cha umri wa miaka 75. Rafiki yako wa Kampala mwenye miaka 30 hajawahi kuona rais mwingine.

Tanzania tusiwaonee. Mwinyi, Mkapa na Kikwete kila mmoja alimaliza miaka kumi akaondoka. Ila watu hubadilika, chama ni kile kile. CCM, na TANU kabla yake, hakijatoka Ikulu tangu uhuru.

Swali la pili: korti inaweza kusema hapana? Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais, kisa cha kwanza Afrika. Uganda kesi za urais zimepelekwa kortini mara kadhaa, na hakuna matokeo yaliyowahi kufutwa.

Tanzania hata kuingia kortini huwezi. Ibara ya 41(7) ya katiba yao inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Kwa hivyo Samia Suluhu Hassan alipotangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, huku Tundu Lissu akiwa rumande kwa kesi ya uhaini na intaneti ikiwa imezimwa, wapinzani hawakuwa na pa kubisha hodi.

Swali la tatu: wewe mwenyewe unaweza kuhesabu? Mwaka wa 2022, IEBC iliweka mtandaoni Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Ukiwa na bando tu, ungefungua ya kituo chochote cha wadi ya Ekalakala ukajumlisha mwenyewe. Uganda Januari 2021, intaneti ilizimwa siku moja kabla ya kura.

Sasa usivimbe kichwa. Juni 25, 2024, vijana wa rika lako walipigwa risasi nje ya Bunge wakipinga Mswada wa Fedha, na wengine wakatekwa nyara baadaye. Shirika la Freedom House bado huiweka Kenya kwenye fungu la nchi “huru kiasi”. Kwa lugha ya shule, tumempita jirani, lakini hatujapata A.

Na hapa ndipo pananiuma. Katika orodha ya wapigakura ya 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, na idadi yao ilishuka ikilinganishwa na 2017. Korti ikiwa huru na fomu zikiwa mtandaoni, zitasaidia nini kama jina lako halimo?

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Chukua kitambulisho uende ofisi ya IEBC ya eneobunge lako. Kama unafanya kazi Nairobi na kwenu ni Ekalakala, amua mapema utapigia kura wapi. Ukijisajili Nairobi, diwani wa nyumbani hana sababu ya kukuogopa. Usipojisajili kokote, hakuna atakayekuogopa.

Ukifanya hivyo, siku ukirudi pale kibandani, sema “afadhali sisi” bila aibu.