Kitambaa kinatoka wapi?

Mtu akitaja Rubaya wengi huwaza koltani tu. Lakini hata katika vita na kuhamahama, makanisa yetu yameendelea kufundisha mabinti kushona. Shida ni kwamba kikwembe kinatoka mbali na bei yake inapanda. Mitumba nayo imejaza soko, na fundi anabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Kushona tunafundisha, kutengeneza kitambaa chenyewe hatufundishi.

Kule Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo kilichokuwa kimekufa, Rivatex, mwaka 2007, ili wanafunzi wajifunze kwenye mashini zenyewe, si ubaoni peke yake. Mashini mpya zilipatikana kwa mkopo wa India, na kiwanda kikazinduliwa upya 2019. Chuo hicho kina pia kituo cha utafiti wa mimea, nguo na nishati. Ni kimoja kati ya vituo 24 vya nchi 8 ambavyo Benki ya Dunia ilianza kuvisaidia 2016, vikiratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala. Hapo wanachunguza, kwa mfano, rangi zitokanazo na mimea, kwa sababu maji ya rangi za viwandani yakimwagwa mtoni bila kusafishwa hudhuru samaki na watu.

Hilo linatuhusu nini? Tazama mgomba. Tukishakata ndizi, shina linaozea shambani. Huko Uganda, kampuni ya TexFad hupasua mashina hayo, huvuta nyuzi, huzianika, kisha hufuma mazulia. (Tusidanganyane: uzi huo ni mgumu, gauni la harusi bado.)

Kongo haikuwa kati ya zile nchi 8. Lakini tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na baraza lile la Kampala ni chombo cha Jumuiya hiyo. Kwa hiyo tunaona ULPGL, chuo kikuu cha Kiprotestanti cha Goma, kina haki ya kubisha mlango wa Eldoret. Udongo unapoporomoka mashimoni, ni vijana tunaowazika; wanaotafuta kazi nyingine hawawezi kungoja amani ikamilike kwanza.

Kwa kuanza, kila parokia yenye darasa la kushona iandike: mabinti wangapi, mashini ngapi nzima, kitambaa kinanunuliwa wapi na kwa bei gani. Karatasi hizo tutazipeleka Goma.