Chumvi ya Mbolea kwa Mikarafuu ya Milimani



Wenzetu wa Matombo na Kinole, katika milima ya Uluguru, Morogoro, hulima karafuu kama sisi, ila mashamba yao ni ya miteremko mikali. Mvua huwachukulia udongo pamoja na chakula cha miti, potasiamu ikiwamo.

Mbolea iitwayo kloridi ya potasiamu huirudisha. Ni chumvi, jamaa ya chumvi ya jikoni, nyeupe au nyekundu kidogo, nayo huchimbwa palipokauka bahari za kale. Kilo 100 zina potasiamu kilo 50 hivi. Huyeyuka upesi majini; hapo ndipo penye faida na hatari yake. Ukiitia siku ya mvua kubwa huteremka bondeni, na fedha yako nayo. Basi tuigawe kidogo kidogo, mbali na shina, mvua zikipungua. Miche michanga ikizidishiwa huungua.

Mwaka 1955 Waluguru waliikataa amri ya wakoloni ya kukata matuta. Sisi hatuamrishi, twashauri tu. Pimeni udongo kwanza. Majivu ya kuni nayo yana potasiamu, tena hayanunuliwi.